Kabla ya Kumwashia Mtoto Filamu ya Katuni: Mwongozo kwa Mzazi Mkristo

Binti yangu alikuwa na miaka mitano siku tulipomaliza kutazama filamu moja ya katuni, nzuri kwelikweli, rangi tele, nyimbo za kukaa kichwani. Tukazima runinga, tukasali, nikamfunika shuka. Nikiwa mlangoni akaniita: "Baba, tukisahau jina la bibi, atakufa tena?"

Katika filamu ile wafu walikuwa na mji wao, na aliyetoweka moja kwa moja ni yule ambaye hakuna aliye hai anayemkumbuka. Na mimi nilikuwa nimeikagua! Hakuna matusi, hakuna damu, hakuna aliyevaa vibaya, alama ya umri inaruhusu. Nikaipitisha. Kumbe nilikagua ganda, kiini sikukigusa. Nikarudi, nikakaa kitandani kwake, tukafungua Isaya 49, pale Mungu anaposema kwamba hata mama aweza kumsahau mtoto wake anyonyaye lakini Yeye hawasahau walio wake, amewachora viganjani mwake. Binti akataka kujua Mungu alichora kwa kalamu gani. Nikamwambia sijui. Akalala.

Mwongozo huu ulianzia kitandani pale. Hauhesabu mapanga wala wachawi. Unazunguka swali moja: filamu ikishazimwa, mtoto anabaki na nini? Nimeulenga hasa kwenye katuni za safari na mapambano, zile ambazo mtoto au mnyama anatoka kwao, anakutana na joka, bahari, msitu au mfalme dhalimu, kisha anarudi akiwa mwingine. Hizo ndizo watoto wanazozitazama mara ishirini.

Hatua ya 1: Anza na mtoto, filamu baadaye

Watoto hawaogopi kitu kimoja. Walio chini ya miaka saba hivi huogopa kinachoonekana: uso unaogeuka, meno, sauti nzito, kitu kinachochomoza ghafla. Mwambie "hiyo ni michoro tu" mpaka koo likukauke, haitamsaidia sana. Kinachomsaidia ni kupakatwa, maji ya kunywa, taa kuwashwa. Akishafika miaka minane au zaidi, joka halimtishi tena. Anatishwa na kinachoweza kutokea kweli, kama vile mzazi kufa, kutekwa au kupotea. Ndiyo maana ndugu wawili wanaweza kutazama filamu moja, mdogo akalia kwa sababu ya joka, mkubwa akawa mkimya siku mbili kwa sababu ya mama aliyekufa dakika ya tano. Yule mkimya ndiye wa kumfuatilia.

Basi jiulize kwanza: amefiwa hivi karibuni? Huota nini akiota vibaya? Huiga maneno au huiga vitendo? Mtoto aliyezika babu yake mwezi uliopita hahitaji kuona mlezi akifa kwenye skrini, hata kama filamu imeruhusiwa kwa watoto wote duniani.

Kuna pia suala la muda. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba watoto wa miaka 2 hadi 4 wasikae mbele ya skrini zaidi ya saa 1 kwa siku, na pungufu ya hapo ni bora. Filamu nyingi za katuni huchukua dakika 90 hivi. Kwa mtoto wa umri huo, igawe siku mbili. Ila usiikate stelingi akiwa ananing'inia kwenye jabali, maana mtoto atalala naye huko huko jabalini. Ikate wanapoimba, wanapokula, au walipopata mahali pa kujificha.

Hatua ya 2: Isome alama ya umri, halafu iweke kando

Filamu nyingi zinazotufikia zina alama za Marekani au za Uingereza. Utaratibu wa Marekani ulianza mwaka 1968. G ni kwa watu wote, PG ni kwamba mzazi aangalie kwanza kwa kuwa baadhi ya mambo huenda yasiwafae watoto, na PG-13 iliongezwa mwaka 1984. Wanaopanga alama hizo ni jopo la wazazi. Uingereza kazi hiyo hufanywa na BBFC, bodi iliyoanzishwa mwaka 1912. Kwao U maana yake inawafaa kwa jumla watoto wa kuanzia miaka 4, na PG ni filamu isiyotarajiwa kumsumbua mtoto wa miaka 8 hivi na kuendelea. Wengi huona PG wakadhani ni ya mtoto yeyote alimradi mzazi yupo sebuleni. Sivyo. Mtoto wako wa miaka minne hakufikiriwa hapo.

Alama hizi hupima mapigano, lugha, utupu, dawa za kulevya, vitisho. Hazipimi filamu inasema nini juu ya Mungu, kifo, dhambi au msamaha, na wala si haki kuzilaumu kwa hilo. Hiyo ni kazi ya mzazi.

Hatua ya 3: Jiharibie utamu

Soma hadithi yote mpaka mwisho kabla ya kuitazama. Najua inaudhi, lakini wewe hutazami kwa ajili yako. Usitegemee trela, kwa sababu trela hukatwa na wauzaji: huokota vichekesho vya filamu nzima wakavipanga ndani ya dakika mbili, ukadhani ni filamu ya kuchekesha kumbe nusu yake ni msiba.

Kwa anayesoma Kiingereza, kuna Plugged In ya shirika la Kikristo la Focus on the Family, na kuna Common Sense Media ambayo si ya Kikristo lakini huchambua kwa undani. Mimi husoma za pande zote mbili. Mkaguzi Mkristo ataniambia kuna mizimu, yule mwingine ataniambia kipande cha mafuriko kinatisha watoto. Na niseme ukweli, wakaguzi wetu wakati mwingine huhesabu kila neno baya moja moja, nne, tano, sita, halafu ujumbe mzima wa filamu ukawapita kama treni ya usiku.

Kisha itazame mwenyewe. Ukiwa huna nafasi ya kuiona yote, tazama dakika 10 za mwanzo na 20 za mwisho. Mwanzoni ndipo wanapowaondoa wazazi. Finding Nemo ya mwaka 2003 ilipewa alama ya G, ya watu wote, na katika dakika zake za mwanzo kabisa mama samaki na mayai yake yote isipokuwa moja yanaliwa. Ni filamu ninayoipenda. Lakini ni mambo ya kujua kabla hujaketi na mtoto wa miaka mitatu mwenye mama mjamzito.

Hatua ya 4: Uchawi? Uchawi upi?

Hapa ndipo wazazi Wakristo tunapogombana, na hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko tunavyojua. Tuna kiinimacho na mazingaombwe, ambayo ni mchezo wa mikono. Tuna muujiza. Tuna uganga, ramli, kuroga, kupunga pepo, kutambika. Hakuna mtu mzima anayechanganya mazingaombwe na kuroga. Tatizo ni kwamba filamu ikishatafsiriwa, kwa manukuu au kwa sauti, vyote hivyo hugeuka "uchawi", au hulainishwa vikawa "nguvu". Usikubali neno la mtafsiri. Tazama kinachofanyika, ukipe jina lake mwenyewe.

Mimi huvigawa mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni maumbile ya dunia ile ya hadithi. Samaki wana shule, farasi anaruka, panya anapika. Huo si uchawi, ni ngano, na ngano ni za zamani kuliko runinga. Katika Waamuzi 9, Yothamu anawasimulia watu wa Shekemu jinsi miti ilivyotafuta mfalme, mzeituni ukakataa, mtini ukakataa, mzabibu ukakataa, mpaka mti wa miiba ukakubali. Hakuna anayemshtaki Yothamu kwa kuisemesha miti.

Fungu la pili ni kipawa. Mtoto amezaliwa na nguvu ya barafu, au ya moto, au akigusa ua linachanua. Mara nyingi hii ni picha ya kipaji, au hasira, au tofauti inayomfanya mtu ajifiche. Uliza nguvu hiyo inatoka wapi na inamfanya kuwa mtu wa namna gani. Inazungumzika.

Fungu la tatu ni utaratibu. Kuna maneno ya kutamka, duara la kuchora, kitu cha kuchoma, damu ya kudondosha, aliyekufa wa kuitwa, roho ya kuuliza njia. Hapo tumeshafika Kumbukumbu la Torati 18, aya ya 10 hadi 12, ambapo mambo hayo yanatajwa moja baada ya jingine, kutazama bao, kubashiri, kuloga kwa kupiga mafundo, kupandisha pepo, kuwaomba wafu. Kipimo changu ni chepesi: kesho mtoto anaweza kukiiga kwa mikono yake? Farasi wa kuruka hawezi kumwiga, labda avunjike mkono. Lakini kuchora duara sakafuni, kuweka mshumaa na kumwita bibi anaweza, na atafanya kwa nia njema kabisa.

Halafu tazama nani anatumia utaratibu huo. Akiutumia mwovu peke yake, ukamrudi mwenyewe, filamu inasema jambo moja. Wakiutumia wema, na ndio unaowafungulia njia kila wanapokwama, inasema jambo jingine, hata kama wimbo ni uleule.

Wafu nao wana mlango wao. Katika The Lion King ya mwaka 1994, Simba anaambiwa kwamba wafalme wa zamani wanamtazama kutoka kwenye nyota, na baadaye baba yake aliyekufa anamtokea mawinguni na kusema naye. Najua wazazi walioizima hapo. Mimi sikuizima. Niliisimamisha nikauliza, "Sisi tukikwama, huwa tunamuuliza nani?" Kwa mtoto wa miaka tisa hilo linatosha, na unaweza kuendelea na 1 Samweli 28, Sauli alivyobadili mavazi akaenda Endori usiku kumtafuta Samweli aliyekufa, na usiku huo ulivyomwendea. Kwa wa miaka minne halitoshi. Yeye hubaki na picha, maelezo yako huyaacha kwenye kochi. Kwa hiyo filamu ileile naweza kumruhusu mmoja nikamwambia mwingine "bado", ndani ya nyumba moja, wiki moja, na lawama nikazibeba.

Hatua ya 5: Nani anaokoa, na kwa gharama gani?

Ukiwa na dakika mbili tu za kukagua, zitumie hapa. Chukua karatasi ujaze sentensi hii: "Mwishoni, fulani anaokoa kwa kufanya hivi."

Inakuwaje? Kwa kumpiga adui kumzidi? Kwa ujanja? Kwa kusamehe? Kwa marafiki kushikana mikono? Kwa kusimama mbele ya upanga uliokusudiwa mwingine? Hilo la mwisho likitokea, hata katika filamu iliyotengenezwa na watu ambao hawakumfikiria Kristo hata siku moja, umepewa mlango wa Yohana 15:13, upendo wa mtu kuutoa uhai wake kwa ajili ya rafiki zake, bila kuubisha. Paulo akiwa Areopago, Matendo 17, aliwanukulia Waathene mtunzi wao wenyewe. Hakusubiri wapate mashairi ya Kikristo.

Wokovu wa kuangalia kwa makini ni ule wa stelingi anayegundua kwamba yote aliyoyahitaji yalikuwa ndani yake tangu mwanzo. Ajiamini tu. Afuate moyo wake. Yeremia 17:9 inausema moyo vingine kabisa, kwamba ni mdanganyifu kuliko vitu vyote. Lakini tusiwe wepesi wa kurusha mawe. Kuna filamu ambamo "fuata moyo wako" maana yake ni "usiogope kusema kweli mbele ya mfalme", na kuna ambamo maana yake ni "lolote unalolitaka ni halali yako". Sikiliza moyo unamtuma wapi.

Sasa niharibu kidogo niliyoyasema. Mwisho wa hadithi una uzito kwa mtu mzima, kwa sababu mtu mzima hubeba hitimisho. Mtoto hubeba kiitikio. Mfano upo kwenye lugha yetu wenyewe. "Hakuna matata" ni maneno tunayoyasema bila kufikiri, filamu ile ya simba ikayageuza kuwa falsafa ya maisha. Ndani ya hadithi, ni wimbo wa kijana anayekimbia hatia, na filamu yenyewe inaukataa: Simba lazima arudi kwao akayakabili aliyoyakimbia. Ujumbe mzuri sana. Muulize mtoto sasa anakumbuka nini. Atakuimbia. Hakuna mtoto niliyewahi kumsikia akiimba kuhusu kurudi.

Kwa hiyo sikiliza nyimbo peke yake, kabla, ukiwa unakunja nguo au unaendesha gari. Kiitikio kikipingana na mwisho wa hadithi, chukulia kwamba kiitikio ndicho kitakachoshinda, na mazungumzo yako uyaelekeze hapo.

Hatua ya 6: Wazazi wamewekwa wapi?

Karibu kila katuni ya safari humwondoa mzazi, na wengi wetu tunaona ni njama dhidi ya familia. Sababu ya kwanza ni ya kawaida zaidi. Mtoto ambaye mama yake yuko karibu na baba yake anajua alipo hawezi kwenda kupambana na joka, ataitwa kula. Mwandishi hana budi kumtafutia njia ya kutoka.

Kinachopimwa ni mengine. Je, baba ni mjinga kuanzia mwanzo hadi mwisho, wa kuchekwa tu? Ukaidi una gharama, au unalipa papo hapo? Kuna mahali wanaombana msamaha? Nemo, yule samaki mdogo, anamkaidi baba yake, anaogelea mpaka kwenye mashua, anakamatwa na mpiga mbizi. Gharama mtoto anaiona kwa macho. Lakini baba naye anabadilika, kwa sababu hofu yake ilikuwa imemfunga mwanawe. Siku nilipoitazama nilikuwa nimejiandaa kuwasomea watoto Waefeso 6:1, enyi watoto watiini wazazi wenu. Filamu ikanisomea mimi aya ya 4, enyi akina baba msiwachokoze watoto wenu. Sikufurahia.

Hatua ya 7: Mengine, kwa haraka

Mapigano: tazama kama aliyepigwa anaumia. Pigo lisilo na maumivu hufundisha vibaya kuliko pigo linaloonekana limeuma. Mavazi na mapenzi: utayaona mwenyewe, huhitaji mwongozo. Vichekesho vya ushuzi: watoto watacheka, wewe utakunja uso, maisha yataendelea.

Lakini angalia nani anachekwa. Mnene? Mwenye kigugumizi? Mzee? Anayeongea kwa lafudhi ya kwao? Hilo mtoto huenda nalo shuleni asubuhi inayofuata, na panga la plastiki halina madhara kama hayo.

Hatua ya 8: Filamu za Biblia zikaguliwe mara mbili

Hapa tunalala usingizi. Tukiona Musa kwenye picha ya tangazo tunaondoka sebuleni kwa amani. The Prince of Egypt ya mwaka 1998 imechorwa kwa ustadi na kwa heshima, na mwanzoni inatangaza yenyewe kwamba imejipa uhuru fulani katika kusimulia. Ndani yake malkia, mke wa Farao, ndiye anayemwokota mtoto mtoni. Kutoka 2 inasema ni binti Farao. Filamu inamwita yule Farao wa mapigo Ramesesi, Biblia haimtaji jina.

Si sababu ya kuikataa. Ni sababu ya kusoma kwanza, kisha kutazama. Sisi tuna mchezo: tunasoma sura husika jioni moja, kesho yake tunatazama, na kila anayekamata kosa anapaza sauti. Mtoto aliyeikamata filamu nzima ya watu wazima ikikosea huvimba kichwa wiki nzima. Na ile sura hataisahau. Bila mchezo huo, mtoto hubaki na toleo la filamu, maana lina rangi na muziki, na siku akilisoma Neno mwenyewe ataona Biblia ndiyo imekosea.

Hatua ya 9: Siku ya kutazama

Zima ile mipangilio inayoanzisha filamu nyingine yenyewe. Filamu uliyoikagua ni moja, inayofuata imechaguliwa na mashine. Mfungulie mtoto akaunti yake ya watoto, ya kwako uifunge kwa namba ya siri, na usitumie mwaka wako wa kuzaliwa, wanaujua. Ukiweza, ipakue mapema ili matangazo yasiingilie kati.

Kisha kaa. Kuwa chumba cha pili ukisikiliza si kukaa. Rimoti iwe kwako, na simamisha mara moja au mbili tu, pale ulipokwisha kupachagua wakati wa kukagua. Mzazi anayesimamisha kila dakika tatu ili ahubiri anawafundisha watoto jambo moja, kwamba raha ya filamu ni kuitazama baba akiwa hayupo.

Kipande cha kutisha kikifika na umwone mdogo anajikunyata, usikimbilie kuzima. Shusha sauti. Sehemu kubwa ya hofu imo kwenye muziki. Joka lisilo na ngoma nyuma yake ni mjusi mkubwa tu. Ikiwa bado anajikunyata, zima, na usimtanie.

Hatua ya 10: Maswali ya baadaye

Usiulize "Umejifunza nini?" Nimefundisha shule ya Jumapili kwa muda wa kutosha kujua jibu: "Tusiseme uongo." Watakujibu hivyo hata kama filamu ilihusu kobe anayejenga mashua. Ni jibu la kumaliza mazungumzo ili wakacheze.

Uliza badala yake: Ungekuwa nani mle ndani? Ulitaka nani ashinde, na ulianza kutaka saa ngapi? Kipande gani ungekirudia sasa hivi? Nani alionewa? Yule mwovu alianza kuwa mwovu wapi? Hilo la mwisho ni zuri kwa walio na miaka minane na zaidi, kwa sababu waovu wengi wa katuni walianza na kitu kidogo, wivu au kunyimwa, na mtoto anajua wivu.

Halafu nyamaza. Majibu ya kweli hayaji sebuleni, huja kesho yake kwenye mchezo. Mwanangu, akiwa na miaka sita, alifunga shuka shingoni baada ya filamu moja ya falme na akawa yule mfalme mwovu. Si shujaa, mwovu. Dada yake akawekwa chini ya meza, mfungwa. Moyo ulinishuka. Nikachuchumaa nikamuuliza kwa nini amechagua huyo. Akanijibu bila kugeuka: "Kwa sababu yeye ndiye anayeamua." Kumbe hakupenda ukatili, alikuwa mtoto wa mwisho asiyeamua lolote humu ndani. Tulisoma Mathayo 20, mkubwa kati yenu na awe mtumishi, lakini nadhani kilichosaidia zaidi ni kwamba Jumamosi ile tulimwachia yeye aamue mchezo wa nyumba nzima. Alichagua kujificha na kutafutana. Dada yake alitolewa chini ya meza.

Hatua ya 11: Ukisema hapana

Tofautisha "bado" na "hapana". Bado ni kwa filamu inayosubiri umri. Itaje umri huo na uutimize ukifika. Hapana ni kwa ile ambayo hata wewe huitaki. Ukiyachanganya, mtoto ataona yote ni bado, atangoja. Na sababu iwe sentensi moja anayoielewa: "Wanamwita aliyekufa ili awaongoze, na sisi hatufanyi hivyo." Ukisema "ni ya shetani" ukaishia hapo, umemtisha bila kumfundisha, na ipo siku ataiona kwa rafiki akakuta ni sungura wanacheza.

Kuhusu kwa rafiki na kwa ndugu: Wakristo wenzako watachora mstari mahali pengine. Warumi 14 iliandikwa kwa watu waliogombana juu ya chakula, na inatutosha kwenye katuni pia. Mwambie shangazi yake au mama mdogo mapema, kwa adabu, ni filamu gani mnangoja. Na usimtume mtoto akawe mkaguzi wa sebule za watu. Mfundishe kusema "Naomba nicheze nje" kisha aondoke, pasipo hotuba.

Na kama ameshaitazama? Hutokea, na mara nyingi utajua kwa wimbo asiopaswa kuujua. Usimfokee, maana safari ijayo hataimba mbele yako. Usiku huohuo itazame peke yako mpaka mwisho. Kesho yake mwombe akuoneshe kipande alichokipenda zaidi, mkitazame pamoja, na maswali yako yaanzie hapo.